Mwaka Saidi Aliposhuka kwenye Lori la Filamu

Siku ya arobaini ya Mama Mwanaidi, dua ilipokwisha na watu wakawa wameshakula, wajukuu zake walijazana chumba cha mbele wakiinamia simu moja. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kochi karibu na dirisha, miguu imevimba kwa safari, nikasikia ngurumo ya lori, kisha filimbi, kisha sauti ya mwanamke akisema maneno machache kwa Kirangi. Nilishtuka mpaka kikombe kikagonga kisahani. Binti wa Mwanaidi, yule anayesoma chuo Arusha, alikuwa anafuta machozi. "Bibi Paulina, njoo uone," akaniambia. "Kumbe bibi yetu alishaigiza filamu na hakuwahi kutuambia! Ona anavyompokea askari anayetoka vitani. Wameandika hapa chini kwa Kiingereza: karibu nyumbani." Nikavaa miwani. Picha ilikuwa imefifia, lakini ni yeye, kitenge chake cha kijani, mikono yake miwili kwenye ukosi wa shati la mwanamume, na chini yake yale maneno. Watoto wale walikuwa wanalia kilio kizuri, kilio cha harusini. Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, akanitazama. Nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia kwamba bibi yao hakusema hivyo, na kwamba aliyesema ni mimi. Chumba kizima kikageuka kuniangalia. Jioni ile, tulipokuwa tunaosha vyombo, Mwanaidi akaniambia, "Dada, waandikie. Wewe ndiye uliyebaki unayejua yote, na mimi nikianza kusimulia sifiki mwisho."

Basi naandika. Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, sina mbele wala nyuma, nimepewa chumba katika nyumba ya Mama Mwanaidi, Karatu, kwa masharti kwamba asubuhi nitamsaidia kwenye mgahawa wake karibu na soko. Lami ilikuwa haijafika. Vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye chumvi. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vinne vilivyozunguka ua, jiko la kuni upande mmoja, na dari ya gunia iliyofanya kila neno lililosemwa chumba kimoja lisikike cha pili. Ndivyo nilivyojifunza Kirangi, kwa kulala. Mama Mwanaidi akiongea na wageni wake kutoka Kondoa, mimi nimelala upande wa pili nasikiliza, na baada ya miaka miwili nilikuwa naelewa kila kitu ingawa Mwiraqw kama mimi nikifungua mdomo walicheka. Yeye alikuwa hajafika miaka thelathini na tano, lakini watu walimwita mjane, na alitembea kama mjane, hatua fupi, macho chini. Ukutani sebuleni palikuwa na picha moja tu, ya vijana wawili waliosimama studio wakiwa wamenyoosha mikono kama vijiti. Mmoja alikuwa mume wake, Saidi. Wa pili alikuwa mdogo wa Mama Mwanaidi wa tumbo moja, Hamisi. Wote waliandikishwa mgambo wakaenda vita vya Kagera, na Hamisi, ambaye alikuwa bado anaota ndevu, aliruhusiwa na mama yake kwa sababu shemeji yake aliapa, "Mama, nitakayekwenda naye nitarudi naye." Vita vilipokwisha, mwenzao mmoja alipita Karatu na begi lao, akasema kombora liliwaangukia wote wawili. Wakasomewa hitima moja. Mama Mwanaidi akakaa eda akiwa na mimba kubwa, na Mwanaidi akazaliwa baba yake akiwa ameshaombewa dua za maiti.

Katikati ya mwaka ndipo watu wa filamu walipofika. Walikuja na magari matatu, jenereta, na masanduku ya nguo za kaki, wakapanga kwenye nyumba ya zamani ya shamba la kahawa nje ya mji. Mwongozaji wao alikuwa bwana mmoja wa Dar es Salaam, Bwana Mshindo, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kutengeneza dirisha kwa vidole vyake na kukuchungulia humo wakati unaongea naye. Alihitaji mtu wa kuandika majina ya watu wa kujazia picha na wa kumtafsiria kwa wazee wa Kiiraqw, na mimi nikapata kazi hiyo kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Siku ya kwanza alitueleza hadithi yenyewe. "Hii siyo filamu ya vita," alisema. "Ni ya baada ya vita. Risasi kila mtu anazijua. Mimi nataka ile siku mtu anaporudi kwao na hajui aiweke wapi mikono yake." Nilimpenda kwa sentensi hiyo. Nilimpenda kiasi kwamba aliponiambia nikifanya kazi vizuri atanichukua Dar nijifunze shughuli hizi, nilikuwa tayari kufanya chochote. Naliandika hili mapema ili anayesoma asije akadhani mimi katika habari hii nilikuwa shahidi tu.

Alitaka wanaume waliowahi kuvaa kombati kweli, wanaojua mwendo wa kijeshi bila kufundishwa. Tangazo likapelekwa mpaka Mang'ola, kule bondeni kwenye vitunguu, na siku ya pili likapanda lori na wanaume kumi na mmoja. Mang'ola ya wakati ule ilikuwa mahali pa watu wa kila kabila, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ametoka wapi. Mmoja wao alikuwa anachechemea, ndevu zimechanganyika na mvi, mwembamba, mnyamavu. Nikamuuliza jina. Akakaa kidogo kama mtu anayelikumbuka, akasema, "Ramadhani Athumani." Nikaliandika. Nilikuwa natoka nyumba ambayo uso ule ulikuwa umening'inia ukutani, nimeupangusa vumbi kila Ijumaa kwa miaka miwili, na nikamtazama machoni nikaandika Ramadhani Athumani. Mpaka leo siielewi akili yangu ya siku ile. Labda mtu uliyeambiwa amekufa huwezi kumwona hata akikuomba kalamu.

Wiki mbili za kwanza tulipiga picha juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kwa sababu Bwana Mshindo alitaka ukungu. Askari walitakiwa kutokea kwenye ukungu asubuhi, wamechoka, wakipishana na kundi la ng'ombe. Wenye ng'ombe walikuwa wafugaji wa Kimasai wa huko huko, na mzee wao mmoja, akiwa amejifunika shuka mpaka puani kwa baridi, aliniuliza, "Hawa wanarudi kutoka vita gani?" Nikamwambia. "Vile vilivyokwisha zamani?" Ndiyo, nikasema. Akawatazama kwa muda. "Sasa kwa nini wanarudi leo?" Tulicheka sana. Nilikimbia kumsimulia Bwana Mshindo, naye akacheka, wanaume wa Mang'ola wakacheka, isipokuwa yule mchechemeaji, aliyegeuka akatazama chini kwenye kreta ingawa ukungu ulikuwa umejaa na hapakuwa na kitu cha kutazama.

Chakula kilitoka kwa Mama Mwanaidi. Nilikuwa nimemfanyia mpango huo mimi mwenyewe. Kila siku gari lilipanda na masufuria yaliyofungwa kwa mablanketi ili yasipoe, wali, maharage, na kwa wanaotaka, ugali na mlenda wake wa karanga ambao Karatu nzima ilikuwa inaujua. Siku ya kwanza Ramadhani alichukua ugali na mlenda. Akala tonge moja. La pili akalishika mkononi, halikufika mdomoni. "Nani amepika?" akaniuliza. Nikamwambia ni mama mmoja wa mjini ninayekaa kwake. "Anaitwa nani?" Nikasema, Mama Mwanaidi. Akarudia taratibu, "Mwanaidi," kama mtu anayesoma neno kwa mara ya kwanza. Kisha akauliza, "Huyo Mwanaidi ni mtoto wa kike? Yupo?" Nikasema yupo, yuko darasa la saba, ana akili sana ya hesabu. Aliweka sahani kwenye nyasi kwa uangalifu mkubwa, akaenda nyuma ya lori, akakaa huko mpaka tulipoitwa. Nikadhani tumbo. Jioni nilimwambia Mama Mwanaidi, kwa mzaha, kwamba kuna mzee wa Mang'ola ameshindwa na mlenda wake. Akacheka. Namkumbuka akicheka, unga mpaka kwenye viwiko.

Siku nyingine jenereta lilipiga mshindo mmoja mkubwa, kama bunduki. Ng'ombe walitawanyika, watu wakapiga kelele kisha wakacheka kwa aibu. Nilipogeuka nikamwona Ramadhani ameketi chini, mguu mmoja ameunyoosha, anachimba udongo kwa mikono yote miwili. Hakuwa anajificha. Alikuwa anachimba kama mtu mwenye kazi na muda mfupi, na tayari alikuwa ameshafukua shimo la kutosha kuzika mbuzi mchanga. Nikamgusa bega, nikamwambia, "Mzee, ni jenereta tu." Akaacha. Akatazama kucha zake. "Udongo wa hapa ni laini," akasema. "Kule ulikuwa mgumu." Bwana Mshindo alikuwa mbali kidogo, ametengeneza lile dirisha la vidole, anatuchungulia.

Wiki ya tatu tulihamia Karatu, kwenye uwanja karibu na soko, kupiga ile picha kubwa ya lori kuwarudisha askari na wanawake wanaowangojea. Bwana Mshindo alitazama wanawake wote niliomletea, hakuridhika. "Wanafurahi kabla ya wakati," akasema. "Nitafutie mama mmoja ambaye uso wake umeshangoja." Nilijua palepale ni nani. Mama Mwanaidi alikataa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Paulina mwanangu, msiba huo nililia mara moja. Sina machozi ya kuigizia." Nikambembeleza. Nikamwambia hatatakiwa kulia, atasimama tu. Nikamwambia kuhusu Dar, kwamba hiyo ndiyo nafasi yangu, kwamba nikipata uso huo bwana atanichukua. Aliweka ungo wa mchele chini, akasema, "Kama ni kwa ajili yako," akaenda kutoa kitenge cha kijani sandukuni. Wanaume wa Mang'ola, kwa upande wao, walikuwa wameambiwa asubuhi ya siku ya picha hiyo kwamba kazi ya siku ni Karatu mjini. Ramadhani angeweza kushuka njiani. Wengine wawili walishuka kwa sababu zao. Yeye hakushuka.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali. Wanawake wamepangwa mstari, filimbi ikalia, lori likaja na vumbi lake, askari wakaanza kuruka. Kila mwanamke alikuwa ameambiwa aende kwa yeyote atakayekuwa mbele yake. Mimi nilikuwa pembeni na daftari langu. Ramadhani aliteremka wa mwisho kwa sababu ya mguu, akageuka, na mbele yake palikuwa na Mama Mwanaidi. Nilimwona Mama Mwanaidi akimtazama kwanza kama mtu anavyomtazama mgeni. Kisha uso wake ukafanya kitu ambacho sijakiona tena kwa binadamu yeyote, ukawa kama umefungwa ghafla kwa ndani. Hakupiga kelele. Alitembea, hakukimbia, akamshika ukosi wa shati kwa mikono miwili, na kwa wote waliokuwa wanatazama ilikuwa kama kumkumbatia. Kisha akasema kwa Kirangi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemuuliza mwenzake kuhusu ndoo: "Hamisi umemwacha wapi?" Miaka kumi na minne, na neno la kwanza halikuwa jina lake. Yule mwanamume akatazama mikono yake. "Nilimzika," akasema. "Zaituni, nilimzika kwa mikono hii." Hapo ndipo mimi, mwenye akili za darasani, nilipoelewa. Jina lake Mama Mwanaidi la Zaituni hakuna aliyelitumia Karatu.

"Usikate! Usikate!" Bwana Mshindo alikuwa ananong'ona kwa mpiga picha, machozi yanamtiririka. Wakaendelea kuwapiga picha mpaka mkanda ukaisha. Watu wakapiga makofi. Makofi! Nayasikia mpaka leo, uwanja mzima unashangilia, na katikati yao wale wawili wamesimama kama nguzo. Bwana Mshindo akaja mbio, akamshika Mama Mwanaidi bega, akasema, "Mama, hii ni ya ajabu. Naomba turudie mara moja tu, kwa usalama." Mama Mwanaidi akamtazama kama mtu aliyeamshwa na lugha asiyoijua. Akaachia ukosi, akajifunga kitenge upya, akaanza kutembea kuelekea nyumbani, na Saidi, maana sasa namwita kwa jina lake, akamfuata nyuma akichechemea na kombati za filamu. Bwana Mshindo akanigeukia. "Walisema nini? Ni Kirangi kile, sivyo? Nahitaji maneno ya kuandika chini." Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilijua nikisema kweli atawafuata mpaka uani na kamera yake. Angeifuata kweli hiyo kama fisi, na angeifuata kwa upole. Nikasema, "Mama amesema, karibu nyumbani." "Na yeye?" "Amesema, nimefika." Akafumba macho kwa furaha. Akaandika.

Nilifika nyumbani nikawakuta uani. Saidi ameketi kwenye benchi la jikoni, Mama Mwanaidi amemgeuzia mgongo anakata vitunguu vya jioni, kwa sababu mgahawa hauwezi kufungwa kwa sababu maiti amerudi. Niliingia chumbani kwangu na kusikiliza, nasema bila kujitetea. Alimwambia kwamba kombora liliwapiga wote, yeye paja, Hamisi tumboni, na kwamba kijana aliishi mpaka kulipopambazuka. Alimwambia kwamba alichimba kaburi akiwa ameketi. Kisha hospitali, miezi, na hatimaye akateremka Karatu, akaona watu wamejaa mbele ya nyumba hii. Akamuuliza mpita njia kuna nini. Akaambiwa ni arobaini ya Saidi na shemeji yake. "Nilisimama pale kwenye mwembe wa jirani nikasikia naombewa mimi," alisema. "Nikamsikia na mama yako akimwita Hamisi. Niliapa kurudi naye. Nikaona kama nimekufa pamoja naye, angalau kiapo hakijavunjika. Nikaendelea kutembea." Kisu kilisimama. "Ukaendelea kutembea mpaka wapi?" "Mang'ola." Nikasikia kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni kikohozi, kumbe anacheka. "Mang'ola," akasema Mama Mwanaidi. "Hapo chini. Miaka yote hii nakata vitunguu vya Mang'ola, naambiwa machozi ni ya vitunguu." Akamuuliza kama ana mke huko. Akasema anaye, na watoto watatu. "Na leo ulikuja kufanya nini?" "Nilichoka kutojulikana. Lakini miguu ya kuja mlangoni sikuwa nayo. Nikasema, lori litanileta."

Wakati huohuo lango likasukumwa, Mwanaidi akaingia kutoka shule, sketi ya bluu, madaftari kifuani. Akamwona mzee mwenye kombati kwenye benchi. Alikuwa mtoto mwenye adabu. Akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo baba," kama alivyomwambia kila mwanamume wa umri ule sokoni. Saidi hakuweza kusema marahaba. Neno jepesi kuliko yote tuliyonayo, lilimshinda. Mtoto akabaki ameinama akingoja, mpaka mama yake akasema bila kugeuka, "Inuka, mwanangu. Huyo hajui kuitikia."

Yaliyofuata baadaye yalichukua muda mrefu. Mama Mwanaidi hakumtaka tena; alidai talaka mbele ya shehe, akisema, "Mjane nilikuwa wa uongo, mke siwezi kuwa wa uongo vilevile." Akaipata. Saidi alirudi kwa mkewe Mang'ola na jina lake halisi. Mwanaidi hakuongea naye mpaka alipochumbiwa, akalazimika kumwita awe walii wake, wa kumwozesha, na siku hiyo kwenye mkeka shehe alimshikia mzee yule mkono mpaka mwisho. Saidi amefariki miaka kadhaa sasa. Watu wa filamu waliondoka baada ya wiki mbili. Bwana Mshindo alinifungulia mlango wa gari akasema, "Haya, Dar," na mimi nikasema siendi. Hakuelewa, na sikumweleza.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na kesho yake. Usiku ule Mama Mwanaidi alikuwa amemwambia Saidi, "Mama yetu yuko hai, yuko Oldeani, anachuma kahawa mpaka leo. Utakwenda umwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea." Akasema, "Ataniua." "Basi akuue." Mimi nilikuwa nimeshakiri uongo wangu kwa Mama Mwanaidi, nikilia. Alinisikiliza, akasema, "Ulidanganya kwa ajili yangu. Sasa njoo usikie ukweli, maana na wenyewe unahitaji shahidi." Tukapanda gari la mizigo mpaka njia panda, halafu tukatembea, tope jekundu likivuta viatu, mibuni kila upande imeinama kwa matunda. Saidi alikuwa amevua kombati, amevaa shati ambalo Mama Mwanaidi alilitoa sandukuni, la kwake mwenyewe la ujanani, linamning'inia.

Bibi aliishi kwenye kambi ya wafanyakazi, chumba kimoja katika safu ya vyumba vya mawe vilivyojengwa na wazungu wa zamani, ukuta mweusi kwa moshi. Alikuwa mdogo, mkavu, vidole vimekakamaa na vyeusi kwa utomvu wa kahawa. Alikuwa anapuliza moto chini ya chungu cha makande. Akainua kichwa, akatazama wageni watatu mlangoni, na macho yake yakapita kwangu, yakapita kwa binti yake, yakasimama. Hakushtuka kama nilivyotazamia. Alisema tu, "Saidi." Kisha akatazama nyuma yake, njiani, kuona kama kuna mwingine anayekuja. Mama Mwanaidi akafunika uso. Hapo ndipo yule mwanamume alipoanguka magotini, na kwenye sakafu ile ya udongo akasema yote. Kombora. Tumbo. Kwamba Hamisi alikuwa na baridi, akamfunika kwa shati lake. Kwamba alimlaza kichwa pajani kwenye mguu ule mzima. Kwamba karibu na alfajiri aliomba uji wa mama yake, na Saidi akamwambia uko njiani, unapoa. Kwamba alimtamkisha shahada, akaitikia mpaka nusu. Kwamba alimfumba macho.

Alipomaliza, Bibi akainuka, akachukua mwiko wa makande, akampiga nao begani. Akampiga mara ya pili. Mara ya tatu mkono ulishindwa, mwiko ukaanguka majivuni, akaketi chini karibu naye kama mtu aliyekatwa miguu. Mimi nilikuwa nimejibana ukutani, nimeshika mdomo wangu. "Kila nikilala namwona," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Miaka kumi na minne. Yuko porini, peke yake, ananiita, hakuna mtu. Kila siku hakuna mtu. Na kumbe ulikuwepo." Saidi akasema, "Nilikuwepo, mama." "Alikuwa na kichwa pajani kwa mtu." "Ndiyo, mama." "Ulikuwepo," akarudia, na sasa alikuwa analia, "ulikuwepo, ukaninyima."

Chungu kikafurika, moto ukazimika, hakuna aliyekigusa. Bibi alifuta uso kwa upindo wa khanga, akasogea mpaka magoti yao yakagusana, akamshika Saidi mkono mmoja, ule wa kulia, akaugeuza, akautazama kiganja. "Anza tena," akamwambia. "Pale alipoomba uji. Sema polepole, usiruke kitu."